Mzee Wenceslas Lumbu Kisimba na Mbao Zake Zisizosema (1953–2025)

Padri wetu, jamaa, majirani wa mtaa, wenzetu wa reli, na ninyi mliosafiri kutoka Kabondo-Dianda, tunawashukuru kwa kufika. Mimi ni mtoto wa Mzee Masengo, kaka mkubwa wa marehemu. Familia imeniomba niwasomee maisha ya baba yangu mdogo. Yaliyoandikwa hapa yamepitiwa na Mama Marceline, mke wake. Amefuta mambo mawili na kuongeza matano.

Wenceslas Lumbu Kisimba alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika kijiji kimoja cha Kabondo-Dianda, upande wa Bukama. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Papa Kisimba Mwepu, mvuvi na mkulima wa mihogo, na Mama Monga Véronique. Alibatizwa siku ya Noeli mwaka huohuo. Jina la Wenceslas lilichaguliwa na katekista, ambaye alilikuta kwenye kalenda ya misheni na kulipenda. Kijijini hakuna aliyeweza kulitamka, hata katekista mwenyewe, kwa hiyo nyumbani aliitwa Wese mpaka alipokuwa mtu mzima. Mama yao alipokwenda shambani, Masengo ndiye aliyembeba Wese mgongoni. Masengo alikuwa na miaka minne tu, na wazee walisema kwamba miguu ya aliyebebwa ilikuwa ikiburuzika chini kama mikia miwili.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1960. Miaka ile ilikuwa na fujo, na masomo yalikatika mara mbili, lakini alirudi kila mara. Hesabu katika darasa la kwanza walifundishwa kwa maharagwe. Siku moja mwalimu aliwaambia waweke mezani maharagwe manane, waongeze matano, kisha waseme jumla. Wenzake wote walisema kumi na tatu. Wese alikuwa bado ameinama, anayasogeza maharagwe yake kwa kidole, moja huku, mawili kule.

“Lumbu, nimeomba jumla,” mwalimu alisema.

“Jumla iko, mwalimu. Lakini haya mawili hayapendi kukaa pamoja.”

Mwalimu alitaka kumpiga, akatazama meza, akaacha. Marehemu alimaliza darasa la sita Juni 1967, akiwa wa kumi na tisa katika watoto ishirini na tatu. Nafasi hiyo naitaja kwa sababu mwenyewe alisema itajwe.

Baada ya shule alivua samaki pamoja na baba yake na Masengo katika ziwa dogo lililo nyuma ya kijiji. Mwaka 1973 alipata kazi ya reli huko Luena, katika kikosi cha kubadilisha mataruma. Mwaka 1976 alihamishiwa hapa Kamina kuwa kantonye, yaani mtu anayetembea juu ya njia ya reli kukagua na kukaza mabuloni, zile bolti za reli. Kipande chake kilikuwa cha kilomita tisa. Alikitembea kwenda na kurudi, siku sita kwa juma, akiwa na nyundo na ufunguo mrefu begani. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na saba, na alistaafu tarehe 31 Machi 2013. Wenzake waliofika leo wanajua kwamba alitembea akiwa ameinamisha kichwa. Wageni walidhani ni mtu wa huzuni, kumbe anatazama chini.

Treni huangusha vitu. Abiria hutupa, hupoteza, au huachia kitu dirishani mkono ukichoka. Marehemu alikuta njiani vizibo vya chupa, vifungo vya mashati, vijiko, mikebe ya sardini, sapato za plastiki zilizokatika, miswaki, betri, vibanio vya nywele, na mara moja mkono wa mwanasesere. Hakuvichukua papo hapo. Alikuwa na sheria yake: kitu kilale siku tatu. Alikitundika au kukiweka kwenye nguzo ya kilomita iliyo karibu, mahali ambapo mwenyewe angekiona akirudi. Siku ya nne, kikiwa bado kipo, aliona kwamba kimeachwa kweli, akakitia mfukoni.

Ubao wa kwanza aliutengeneza mwaka 1978, wakati wa mvua nyingi, katika kibanda cha vyombo vya kazi. Ulikuwa mbao za sanduku la sabuni. Gundi aliipika kwa unga wa muhogo, na ndani yake alitia vumbi la makaa ya mawe ya Luena, ambalo alikuwa amelihifadhi ndani ya mkebe wa maziwa. Hivyo chini pakawa peusi kama usiku, na vitu vikaonekana. Vitu vizito alivipigilia misumari. Kabla ya kubandika alivipanga tu na kuviacha majuma mawili au matatu, akipita na kuvitazama.

“Ukiweka kintu pahali, na kikikaa kimya, acha,” aliniambia. “Kikikusumbua, toa.”

Katika mbao zake hamkuwa na mtu, wala nyumba, wala mnyama. Jambo hilo liliwasumbua wengi. Kila aliyeingia kwake aliuliza, “Papa, hii iko nini?” Wengine hawakungoja jibu. Jirani mmoja aliona tembo, akashika sana tembo wake, akaonyesha mkonga na masikio. Marehemu aliugeuza ubao juu chini, akamwuliza kwa upole, “Na sasa?” Jirani alitazama kwa muda mrefu, akasema tembo amelala.

Mwaka 1980 binti mmoja alivuka reli akitoka Base, yaani kambi ya jeshi, kwenda sokoni, na kisigino cha kiatu chake kikakwama na kukatika. Kilikuwa chekundu. Alikuwa Marceline Bokungu, binti wa sajini Bokungu aliyetoka mkoa wa Ekwateri, na Kiswahili chake kilikuwa kichanga bado. Alichechemea akaenda zake. Marehemu alikikuta kisigino, akakitundika kwenye nguzo, siku tatu zikapita. Baada ya miezi miwili mvua ilimkuta binti yuleyule hapo relini, akajificha kwenye kibanda. Ukutani palikuwa na ubao.

“Bwana, ile nyekundu ni nini?”

“Ni kintu ya njia, mademoiselle.”

“Ya njia? Ile ni talon ya kiatu yangu! Nilichechemea mpaka ku soko, nikachechemea mpaka ku Base, bantu yote banacheka, na weye unaipiga musumari?”

“Ililala siku tatu.”

“Talon inalalaka? Iko muntu?”

“Niliitundika ku poteau. Mwenyewe hakukuya.”

“Ningejua je kama kwenu talon banaitundikaka sawa kofia?”

Marehemu hakuwa mtu wa kubishana. Alichukua koleo, akasogelea ubao ili aking'oe kisigino. Marceline alimtazama, akautazama ubao, akasema, “Ngoja. Ukiitoa, upande huu wote utaanguka.” Misumari ilikuwa imara, hakuna ambacho kingeanguka. Lakini marehemu aliielewa maana yake, kwa sababu ndilo jambo ambalo yeye mwenyewe aliliwaza majuma matatu kabla ya kukiweka pale. Akaweka koleo chini. Alikuwa akisema kwamba tangu siku hiyo hakutafuta tena mchumba.

Sajini Bokungu alipoletewa habari aliuliza, “Kijana anafanya kazi gani?” Marceline alijibu kwamba anakaza reli na kuokota vitu. “Anaokota nini?” baba yake akauliza. “Ameanza na mimi, papa,” akasema. Walifunga ndoa takatifu hapa Kamina tarehe 25 Julai 1981. Mungu aliwajalia watoto wanne: Gisèle mwaka 1982, Christophe mwaka 1984, Chadrack mwaka 1988, na Ngalula mwaka 1991, ambaye alitutoka akiwa na miezi saba. Nyumba yao ilikuwa ya amani, isipokuwa kwa habari ya vyombo. Mama Marceline hakuacha kijiko nje hata kwa saa moja. “Kijiko changu,” alisema, “hakitalala siku tatu.”

Mnamo Novemba 2012 padri aliyekuwa parokiani wakati huo alimwomba marehemu apeleke mbao nne Lubumbashi, kwenye maonyesho ya wasanii. Marehemu alikwenda nazo akiwa amevaa koti la harusi. Kijana wa pale alimwuliza majina ya mbao ili ayaandike kwenye karatasi. Akajibu kwamba hazina majina. Alipoingia kesho yake akakuta chini ya kila ubao pameandikwa kwa Kifaransa: Sans titre 1, yaani Bila jina, Sans titre 2, na kuendelea. Alifurahi sana. Alirudi na karatasi moja, akaitundika nyumbani, na mtaa mzima ukaanza kumwita Papa Santitri. Watoto wengi waliofika hapa leo hawakujua kwamba ana jina lingine.

Lakini katika maonyesho yale mtu mmoja wa redio alisema hewani kwamba mbao za Mzee Lumbu wa Kamina zinamkumbusha lukasa. Sisi Baluba tunajua lukasa ni nini: ni ule ubao wa wazee, uliotiwa shanga na makombe, ambao wenye kufundishwa waliusoma kwa kidole na kutaja wafalme, safari na mipaka ya nchi. Mtu wa redio alitaka kusifu tu. Huko Kabondo-Dianda redio ilisikika vibaya siku hiyo, na kilichosikika vizuri kilikuwa maneno mawili: Lumbu, na lukasa.

Wakati huo ukoo wetu ulikuwa na ugomvi na ukoo wa Mzee Mwanza juu ya lile ziwa dogo nyuma ya kijiji. Kila upande ulisema mababu wake ndio waliotega mtego wa kwanza pale. Mashahidi wa kale walikuwa wamekufa. Baba yangu Masengo, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, aliposikia kwamba mdogo wake ana lukasa, alimshukuru Mungu. Alituma neno kwa mtu wa treni: “Mwambie Wese alete ile mbao ya redio.” Marehemu alidhani jamaa wanataka kuona kitu kilichozungumzwa mjini. Hakuna mtu wa kwao kijijini aliyewahi kuomba kuona. Akachagua ubao aliopenda kuliko zote, akaupangusa kwa mafuta, akaufunga ndani ya kitenge cha Mama Marceline. Nilisafiri naye, na mimi ndiye niliyeubeba kutoka steshini.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2013. Tulipofika tulikuta koo zote mbili zimeketi mbele ya chefu, mkuu wa kijiji, wanaume kwa wanawake, na kiti kimoja kimeachwa katikati. Baba yangu mwenyewe alifungua kitenge. Watu walinyanyuka kutazama.

Mzee Mwanza alisema, “Njo ile? Basi, aisome.”

“Weka kidole, Wese,” baba yangu akasema. “Waambie mupaka iko wapi.”

Hapo ndipo marehemu alipojua ameitiwa nini. Akaweka kidole juu ya ubao.

“Hapa iko bouton ya shimizi.”

Kifungo cha shati! Watu wengine walicheka.

“Na pale pembeni?” chefu aliuliza.

“Capsule, kizibo ya bia, chefu. Ile ingine ni ya Fanta.”

“Na ule musitari wa bleu? Si njo mutoni?”

“Ni sapato ya mutoto. Nilikata.”

Baba yangu alimwinamia, akasema kwa sauti ya chini ambayo wote waliokaa mbele tuliisikia, “Mudogo yangu, sema tu kintu. Bantu banangoja.”

“Hainasema kintu, yaya,” alijibu, akimwita kaka mkubwa kwa neno la nyumbani.

“Iseme leo.”

“Nikiisemesha leo, kesho Mwanza naye ataleta mbao yake yenye capsule, nayo itasema. Tutafanya je?”

Mzee Mwanza alicheka mpaka akashika magoti. Chefu hakucheka. Alisema kwamba ikiwa ubao hausemi, basi watu wenyewe wataongea, na hakuna atakayerudi nyumbani mpaka wamemaliza. Waliongea siku nne. Mwishoni waligawana ziwa kwa miezi: ukoo mmoja mwezi huu, ukoo mwingine mwezi unaofuata. Wanavua hivyo mpaka leo.

Baba yangu hakungoja siku nne zile. Jioni ileile alimwambia mdogo wake, “Umeniacha uchi mbele ya Mwanza,” akaondoka. Tangu hapo hakusema naye tena. Alipomtaja alimwita Mwenye Bouton. Mwaka 2018, kwenye matanga ya dada yao, waliketi kwenye mkeka mmoja, mmoja huku na mmoja kule, siku tatu. Kila niliposafiri kwenda Kabondo-Dianda marehemu alinipa salamu, nami nilizifikisha. Baba yangu alijibu kila mara kwa maneno yaleyale: “Mwambie nimesikia.” Nilirudi na neno hilo peke yake, nikiona haya kulitoa. Marehemu alilipokea kama barua. “Amesikia,” alimwambia mke wake. “Ni muzuri.”

Mama Marceline alimshauri mara nyingi amtumie kaka yake neno la kukiri kosa, ili mambo yaishe. Alijibu, “Nilimuumiza. Ile naombea pardon kila siku. Lakini bouton iko bouton.” Tulimwona ni mtu mpole, na alikuwa mpole kweli. Katika jambo hilo hakusogea. Aliwaza kwamba akisema uongo juu ya ubao mmoja, hata zile nyingine hataweza kuzitazama tena. Hata hivyo miaka ile aliumia. Ubao ule aliutundika mbele ya kitanda chake, na hakukubali uende kwenye maonyesho tena, ijapokuwa waliuomba.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2019. Mwaka 2022 alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, na kutembea kukamshinda. Mtu aliyetembea reli zaidi ya nusu ya maisha yake alikaa sasa kwenye kiti mlangoni. Majirani walianza kumletea vitu walivyookota. Hakuvipokea. Aliwaonyesha msumari uliopigiliwa nje ya mlango: kitundikwe pale kwanza, siku tatu. Jirani mmoja alitundika funguo alizookota sokoni, na siku ya pili mwenyewe akapita, akaziona, akapiga kelele za furaha mtaa mzima. Katika miaka mitatu ya kiti kile alitengeneza mbao kumi na moja. Wanaojua mambo hayo wanasema ndizo bora. Mimi sijui kuzipima, lakini naona zina nafasi nyingi tupu, na macho yanapumzika.

Januari 2025 mafigo yalianza kukataa. Alilazwa mara mbili, na baada ya Pasaka aliomba arudishwe nyumbani. Hakuwa na maumivu makali, tunamshukuru Mungu. Siku moja mwishoni mwa Aprili alituita, Mama Marceline na watoto na mimi, akasema: “Nataka yaya njo atupe udongo wa kwanza. Yeye alinibeba wa kwanza. Kama hataki, mutupe tu ninyi, musigombane naye.” Kisha akanigeukia. “Umpelekee vile nimesema. Usiongeze.”

Nilipanda treni. Nilimkuta baba yangu anashona wavu. Nilimwambia maneno hayo kama yalivyo, na sikuongeza. Nilingoja aseme kwamba amesikia. Alimaliza jicho la wavu alilokuwa nalo mkononi, akauliza, “Treni ya kurudi iko lini?”

Walikutana Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, saa nne asubuhi. Baba yangu, mwenye miaka sabini na sita, aliingia na kikapu, akaketi kwenye kiti karibu na kitanda. Hakusalimu. Alitazama ukuta.

“Njo ile?”

“Njo ile, yaya.”

Alitazama muda mrefu. Mama Marceline alisimama mlangoni na sahani mkononi, hakuthubutu kuiweka chini. Mwisho baba yangu alisema, “Niambie sasa, hapa hakuna chefu wala Mwanza. Siku ile, kweli haikusema kintu?”

“Yaya, kama ingesema, ningekuambia weye wa kwanza. Hata bibi yangu huyu angesikia nyuma yako.”

“Nyuma ya nani?” Mama Marceline aliuliza.

“Basi nilibeba kasirani miaka kumi na mbili,” baba yangu alisema, “juu ya bouton.”

“Na capsule, yaya.”

“Na capsule.”

Walianza kucheka, kwanza mmoja, halafu wote wawili, mpaka marehemu akakohoa na tukamwinua. Alipopata pumzi alisema, “Nilikuacha uchi mbele ya Mwanza. Ile, unirehemu.” Baba yangu alisogeza kikapu kwa mguu. “Mwanza eko anakusalimia,” alisema. “Samaki iko mu kitunga, yeye njo aliivua. Huu ni mwezi wao.”

Baba yangu hakurudi Kabondo-Dianda. Alikaa hapa juma moja, halafu la pili, halafu la tano. Kila asubuhi aliketi kwenye kiti kilekile, na wawili hao hawakuongea sana. Mara nyingi niliwakuta wanatazama ukuta pamoja. Siku moja, katika juma la mwisho, alisema, “Wese, hii utanipa.”

“Ya kufanya nini, yaya? Hainasema.”

“Njo maana. Mu nyumba yangu bote banasema: bibi, batoto, bakwe, redio. Nipe ile inanyamaza.”

Marehemu aligeuza uso kuelekea ukutani. Kisha akasema kwamba autundike mbali na moshi.

Mzee Wenceslas Lumbu Kisimba alifariki nyumbani kwake hapa Kamina, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa tatu na nusu asubuhi, baada ya kunywa chai nusu kikombe. Alikuwa amepakwa mafuta matakatifu siku mbili kabla. Mama Marceline alikuwa ameshika mkono wake mmoja, na Mzee Masengo mwingine. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili na karibu miezi mitatu.

Ameacha mke, Mama Marceline Bokungu. Watoto watatu, Gisèle wa Luena, Christophe wa Kaniama na Chadrack wa hapa Kamina. Wajukuu tisa, wa kwanza wao Plamedi. Kaka mmoja, Mzee Masengo. Dada mmoja, Mama Kisimba Odile. Na sisi watoto wa ndugu zake, ambao ni wengi. Ameacha pia mbao ishirini na sita, zilizo nyumbani. Atakayependa kuzitazama anakaribishwa siku yoyote baada ya matanga. Mama Marceline anaomba tu kwamba mtu asimwulize ni nini.

Familia inawashukuru wauguzi waliomtunza, parokia, wenzake wa reli waliomchongea jeneza, na ukoo wa Mzee Mwanza, ambao umetuletea samaki wa kulisha wageni wote waliopo hapa.

Baba mdogo, kazi yako ya kuinama imekwisha. Mungu akupokee ulale kwa utulivu, wala pasiwe na mtu wa kukuuliza maana.

Sasa namwomba baba yangu, Mzee Masengo, asogee karibu na kaburi.